Mluzi wa Mkia

Jioni ile nilikuwa nawatoa wageni msituni kama siku zote. Mimi mbele, wageni katikati, mdogo wangu nyuma. Kazi yake ni kufunga mstari asibaki mtu, ndiyo maana hata nyumbani tunamwita Mkia. Asubuhi wageni walikuwa wamesuka vikapu na mama yetu, vingine vikatoka vimepinda kama kofia iliyokaliwa, wakachekana wenyewe. Sasa walikuwa wanawahi ngoma pale langoni mwa hifadhi.

Msituni hatuitani majina. Wa mbele anapiga mluzi, mkia anajibu, basi, mstari uko salama. Akishajibu, humwiti tena mpaka mvuke kijito. Mpiga ngoma, mzee aliyetufundisha kazi, alilikazia hilo kuliko hata habari za nyoka. Mimi nilidhani ni ukali wa wazee tu.

Giza la msituni halingoji jua lizame. Nikapiga mluzi.

Nikajibiwa kutoka nyuma.

Lakini moyo haukutulia. Mdogo wangu alikuwa ametoka kuugua juzi tu, na tulipoondoka mama alinishika mkono, akaniambia, "Mrudishe mwanangu mzima." Wasiwasi ukanizidi nguvu. Kijito kilikuwa bado mbali. Nikapiga tena.

Fiii... kutoka nyuma.

Fiii... kutoka kulia, chini bondeni, kusikokuwa na njia.

"Ndege huyo?" aliuliza mgeni mmoja, mama wa makamo mwenye darubini shingoni.

"Ndege," nikadanganya.

Harufu ikapanda kutoka bondeni. Udongo mbichi, kama uliofukuliwa sasa hivi... Nikaongeza mwendo. Sikugeuka, maana wa mbele akigeukageuka wageni huingiwa na hofu, wakaanza kuteleza.

Langoni nikasimama pembeni, nikawapisha wote. Wa mwisho akatoka mdogo wangu, taratibu, viatu vimejaa matope. Nilimkumbatia kwa furaha mpaka akalalamika.

"Dada, unanibana."

"Mbona ulijibu kutoka bondeni?"

"Bondeni nifuate nini? Mimi nilikuwa nyuma yenu muda wote."

Mpiga ngoma alitusikia. Mikono yake ikatulia juu ya ngozi ya ngoma. Akanivuta kando.

"Ulimwita mara mbili?" akanong'ona.

"Nilikuwa na wasiwasi, mzee."

"Ukiita mara mbili, wanaitika wawili. Mmoja anatoka nawe. Mwingine anabaki."

"Aliyetoka ni yupi?"

Akamtazama mdogo wangu, ambaye alikuwa anamsaidia yule mama wa darubini kuvua koti la mvua.

"Ningejua ningekwambia, binti yangu," akasema. "Mimi mwenyewe nilikuwa na kaka."

Akarudi kwenye ngoma yake, akapiga, wageni wakacheza.

Nyumbani mama alimpapasa mwanawe paji la uso, akaridhika. Mdogo wangu alikula vizuri, akavitania vikapu vya wageni, akacheka kicheko chake kilekile. Nilimchunguza masikio, vidole, mwendo. Nikajionea aibu. Mama akafunga komeo.

"Wanangu wote mko ndani," alisema. "Leo nitalala."

Akaingia chumbani kwake. Tukabaki wawili.

Fiii...

Ulitokea upande wa msitu, hafifu, wa mtu aliyechoka kutembea. Ukanyamaza, kama unangoja. Ukaja tena, karibu na uzio wetu.

Nikanyanyuka. Mdogo wangu akanishika mkono, machozi yanamtoka.

"Dada," akanong'ona, "usijibu. Tafadhali... usijibu."

Nikakaa.

Jioni iliyofuata mluzi ulirudi, lakini kwa mbali kidogo. Na jioni nyingine, kwa mbali zaidi. Kila ukipigwa, yeye hunishika mkono, nami nakaa. Juzi niliusikia kwa shida, kama pumzi. Tangu jana, kimya.

Mama anasema nimekonda. Mdogo wangu ndiye ananibembeleza nile, ananipulizia uji upoe. Ananipenda sana, na mimi nampenda, yeyote awaye. Ila kama yule wa nje ndiye tuliyezaliwa naye, basi amekufa akinisubiri nimjibu.