Mtaro wa Mpakani

Kila mwaka kabla ya mvua za vuli, Jedidah na mumewe Gibson walizibua mtaro wa mpakani. Ulishuka moja kwa moja kutoka juu ya mlima wa Wusi hadi kijitoni. Upande huu ni shamba la Gibson, upande ule la kaka yake, Fanuel. Marehemu baba yao ndiye aliyeuchimba, basi nani angethubutu kuuacha uzibe?

Lakini mtaro uligeuka korongo. Mwaka jana ulimeza mistari sita ya maharagwe. Mwaka huu wa 1954, ukingo wake ulikuwa hatua tatu tu kutoka jikoni. Kila alipoinjika chungu, Jedidah aliuogopa.

Gibson akamwita bwana shamba, Silvanus. Silvanus akapigilia vigingi vya kupimia matuta, vikakata mteremko na kuvuka mpaka.

Kesho yake vyote vilikuwa vimeng'olewa. Fanuel alisimama ng'ambo, vigingi kwapani.

"Gibson! Umeniletea serikali inichukulie shamba?"

"Chunga mdomo wako!" Gibson akainua jembe.

Jedidah akashuka korongoni, katikati yao.

"Shemeji, njoo kwanza uone jiko langu. Ukishaona, ng'oa tena."

Fanuel alikuja, akaona, akaviweka vigingi chini.

Siku hiyo hiyo Silvanus alirudi, akamwaga debe la maji mtaroni. Maji yakakimbia, mekundu kwa udongo. Kisha akachimba tuta dogo la kukata mteremko, akamwaga debe jingine. Maji yakasimama, yakanywewa na udongo taratibu.

"Mtaro unaoshuka ni barabara ya maji," alisema. "Chimbeni matuta ya kukata mteremko. Yakiishia mpakani, maji yatapenya hapo hapo. Lazima mchimbe pamoja."

"Na mpaka wa baba?" Fanuel aliuliza.

"Tupande masale," Jedidah akajibu. "Masale yanaonyesha mpaka, na hayahitaji mtaro."

Wakachimba wiki mbili, mawingu yakiwatisha. Korongo wakalijaza mawe na majani.

Mvua ilinyesha Jumapili, ibada ikiendelea. Jedidah hakungoja baraka. Alipanda mlima mbio, viatu mkononi, akiliona akilini jiko lake limekwisha kwenda na maji.

Alimkuta Fanuel kwenye tuta la juu, ameloa chapachapa, jembe mkononi. Maji yalikuwa yametulia nyuma ya tuta, upande wake na upande wa Gibson.

"Jiko lipo, shemeji," Fanuel alisema. "Sasa nipikie chai."