Mji wa Nyumba Mia Tatu

Kila alipotoka shule, Kozue alivua viatu mlangoni akavipanga vikitazama nje, akanawa mikono, akasukutua koo, kisha akanywa chai ya shayiri aliyowekewa na Bibi yake. Baada ya hapo alifanya kazi za shule, au alidai amezifanya, akakaa mbele ya kompyuta kujenga mji wake. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na mji huo ulimshughulisha kuliko kitu kingine chochote.

Klabu ya kompyuta ya shule yao, pale Tsuyama, Japani, ilikuwa inatengeneza mchezo wa shujaa anayezunguka nchi ya majoka na wachawi. Mchezo ungeonyeshwa Jumamosi, siku ya maonyesho, mbele ya wazazi na majirani. Kila mwanafunzi alikuwa na sehemu yake, na Kozue aliomba apewe mji mkuu. Aliuomba kwa sababu alikuwa na kinyongo cha siku nyingi. Katika michezo aliyowahi kucheza, shujaa huambiwa anakwenda kwenye mji mkubwa kuliko yote duniani, na akifika anakuta nyumba kumi na nne na kisima. Mfalme gani huyo anayetawala nyumba kumi na nne? Kozue alijiapiza kwamba wake utakuwa mji kweli, na atakayeingia hatataka kutoka.

Jumatatu waliujaribu. Wa kwanza kuingia alikuwa Tasuku, mchoraji wa joka la klabu, mtoto asiyejua kumung'unya maneno. Mji ulikuwa na nyumba mia mbili. Tasuku alipita mitaa miwili, akajaribu milango sita, yote haikufunguka. Alimsemesha mlinzi, akajibiwa, "Karibu kwenye mji wetu mkubwa." Akamsemesha mwuza mkate, naye akamjibu yale yale. Hazikupita dakika mbili akawa ameshatoka langoni.

"Mbona umeondoka?" Kozue akamwuliza.

"Nikae nifanye nini? Mji wako makaburi yaliyotiwa madirisha," Tasuku alisema. "Joka langu peke yake lina maneno kuliko watu wako wote."

Wenzao wakacheka, na Kozue akaona uso unawaka. Mwalimu Uehara, mlezi wa klabu, alimwambia siku bado zipo, aende akafikirie mji wake unakosa nini. Kozue alifika nyumbani akiwa na jibu tayari. Mji ulikosa nyumba. Akiongeza mia moja, nani atathubutu kuuita makaburi?

Jioni hiyo hiyo ubao wa mtaa ulifika kwao. Ni ubao wenye kibanio cha kushikia matangazo, nao hupita mlango hadi mlango. Ukikufikia unasoma, unagonga muhuri wa nyumba yako, kisha unampelekea jirani anayefuata. Aliyewafuata wao alikuwa Mzee Tokunaga, mtengeneza tofu, ile jibini ya maharage ya soya, na kazi ya kumpelekea ilikuwa ya Kozue tangu alipoanza shule. Bibi alisoma, akagonga muhuri, akasisitiza kwamba ubao ufike leo leo, maana Jumatano kuanzia saa kumi na mbili asubuhi maji ya mtaa yatafungwa ili mabomba yatengenezwe. Kozue aliitikia, macho yakiwa kwenye skrini. Aliutia ubao kwenye mkoba wa shule ili asiusahau, na hapo ndipo alipousahau.

Jumanne jioni Bibi aliuliza kama ubao ulifika. Kozue alikuwa kwenye nyumba ya mia mbili na sitini. Akakumbuka kwamba ubao bado umo mkobani, lakini alimjua Mzee Tokunaga. Ukimgongea mlango hukosi kukaa nusu saa ukisimuliwa habari za maharage ya soya.

"Nimeshaupeleka, Bibi," alisema.

Alijiambia ataupeleka mara akimaliza. Kengele ya saa kumi na moja ikalia kwenye vipaza sauti vya mtaani, ile ya kuwarudisha watoto nyumbani, na yeye bado anajenga. Alipoiweka nyumba ya mia tatu, Mzee Tokunaga, ambaye hulala mapema kama kuku, alikuwa keshazima taa.

Jumatano, saa ya chakula cha mchana, ilikuwa zamu ya Kozue kuwagawia wenzake supu. Alivaa aproni nyeupe na kofia, akachota upawa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Ilikuwa maji na majani ya kitunguu tu. Wanafunzi wakaanza kulalamika kwamba supu haina tofu, na Mwalimu Uehara akawaeleza. Mzee Tokunaga, anayeiletea shule tofu kila Jumatano, alikuwa ameshachemsha maharage yake alfajiri, na maji yakakatika kabla hajaipoza tofu. Tofu yote iliharibika. Angejua mapema, angejaza mapipa jana yake.

"Lakini tangazo si lilipita?" mmoja akauliza.

Mwalimu alisema nyumba inayomtangulia Mzee inadai ilimpelekea ubao, hivyo labda Mzee aliuweka mahali akasahau. Jikoni walikuwa wameanza kuulizana kama mtu wa umri wake bado anaweza kutegemewa, au watafute tofu kwingine.

Kozue alirudisha upawa kwenye sufuria. Hakuna aliyemshuku. Angeweza kuutumbukiza ubao kwenye sanduku la barua la Mzee na mambo yakaisha, na Mzee ndiye angebaki na lawama. Hakula supu yake, na siku hiyo hakwenda klabu.

Alimkuta Mzee Tokunaga dukani amepiga magoti, ametoa kila kitu kabatini. Karatasi, ndoo na vitambaa vya kuchujia vilikuwa vimetapakaa sakafuni.

"Ndiyo kwanza nakuona, mjukuu wangu," alisema bila kusimama. "Bibi yako kaniambia uliuleta ule ubao. Sasa mimi nimeuweka wapi? Nimetafuta tangu asubuhi. Nadhani kichwa kimeanza kunitoka."

Kozue alikuwa amejiandalia maneno njiani, yote akayaacha. Alifungua mkoba, akautoa ubao, akaushika kwa mikono miwili na kuinama mpaka nywele zikamfunika uso.

"Hukusahau, Babu. Sikuuleta. Nilimdanganya Bibi."

Mzee aliupokea ubao, akaketi palepale sakafuni.

"Kumbe kichwa changu kizima," alisema, na Kozue akaona mabega yake yanashuka. Hapo ndipo alipolia.

Mzee alimngoja amalize, kisha akataka kujua kilichomshughulisha kiasi hicho. Kozue akamweleza habari za mji. Mzee hakujua michezo ya kompyuta, lakini aliuliza nani anakaa kwenye nyumba ya kwanza baada ya lango. Kozue hakujua. Na ya pili? Hakujua pia.

"Nyumba mia tatu," Mzee alisema, "na hakuna hata mmoja anayeamka alfajiri kuloweka maharage? Watu wako wanakula nini?"

Siku hiyo Kozue alisema kweli mara tatu zaidi. Kwa Bibi ilikuwa ngumu kuliko zote, maana Bibi hakumgombeza, alivaa tu koti na kumwambia twende. Wakaenda jikoni kwa shule, na Mwalimu Uehara akaelezwa pia. Kisha wakaupitisha ubao nyumba nane zilizobaki, Kozue akiinama na kuomba radhi kila mlango. Kwenye nyumba moja mama alikuwa amekosa maji ya kumwogesha kichanga. Kwenye nyingine fundi wa mikeka alimwonyesha sindano aliyorithi kwa babu yake. Kijana wa nyumba ya mwisho alifungua mlango akipiga miayo, kumbe hufanya kazi usiku na kulala mchana. Kozue alizaliwa kwenye mtaa huo, na mengi kati ya hayo aliyasikia siku hiyo kwa mara ya kwanza.

Alhamisi alifuta nyumba mia mbili themanini na nane. Ilimuuma, hasa ile minara. Zikabaki kumi na mbili, na mpaka Ijumaa jioni kila mlango ulifunguka na nyuma yake palikuwa na mtu mwenye shughuli zake. Shujaa akiingia langoni alipewa ubao aupitishe. Akiupitisha, kila mtu alimwambia jambo ambalo mwingine hakulijua. Akikaa na ubao bila kuupitisha, kesho yake duka lilifungwa, supu ya nyumba ya wageni ikawa maji matupu, na watu wakamlaumu mzee asiye na kosa.

Jumamosi Tasuku aliketi kwanza.

"Mji umesinyaa," alisema.

"Umesinyaa," Kozue alikubali.

Tasuku kwa ukaidi wake alikaa na ubao makusudi. Alipoona duka limefungwa aliacha kutabasamu, akarudi mwanzo bila kuambiwa. Alicheza mpaka watoto waliokuwa kwenye foleni wakamvuta shati.

Mzee Tokunaga alikuja na Bibi, akaketi kucheza. Shujaa wake aligonga ukuta mara tano kabla hajafika dukani, na mle ndani akamkuta mzee mwenzake anaamka kuloweka maharage. Alitazama kwa muda, akamgeukia Kozue.

"Zile nyumba mia tatu, hakuna aliyekuwa akimngoja mwenziwe," alisema. "Hizi kumi na mbili zinangojana. Ndivyo mji ulivyo, mjukuu wangu. Ukiudanganya mlango mmoja, umedanganya yote. Na ukisema kweli, hata mtu aliyepoteza siku nzima ya kazi anaweza kuja kucheza mchezo wako."

Shule iliendelea kununua tofu kwake. Wiki iliyofuata ubao ulifika tena kwa kina Kozue. Bibi alipogonga muhuri, Kozue aliuchukua kabla ya chai, akavaa viatu vilivyokuwa vikitazama nje, akaenda kugonga kwa jirani. Alikaa huko nusu saa nzima akisimuliwa habari za maharage.