Mama Faili na Mishale Kumi na Minne

Ofisi yetu ilikuwa na wifi mbili. Ya kwanza ilikuwa mtandao, na ilikatika kila wingu lilipopita. Ya pili ilikuwa mtu, na huyo hakukatika hata siku moja.

Mtu huyo alikuwa fundi wa kompyuta wa ofisi. Kaka yake alikuwa amemuoa sekretari wa ofisi hiyo hiyo, kwa hiyo sekretari alimwita wifi, kama ilivyo haki yake. Wengine wakasikia, wakadhani ni jina la kazi. Basi kila mtu akaanza kumwita Wifi, kuanzia mlinzi hadi meneja.

"Wifi imerudi?" mhasibu aliuliza siku moja, akitazama simu yake.

"Amerudi," mlinzi alijibu. "Yuko jikoni anakunywa chai."

Kazi za Wifi zilikuwa hivi. Jumatatu kompyuta ya mhasibu "ilikufa". Wifi akainama chini ya meza, akakuta waya umechomolewa ili mtu achaji simu. Jumanne printa iligoma. Ndani yake mlikuwa na pini tatu na ganda la pipi. Jumatano meneja alipiga kelele kwamba kompyuta yake ina jini, inaandika yenyewe. Wifi akaondoa faili zito lililokuwa limelalia vitufe, na jini likatoka. Mambo hayo yote aliyaandika kwenye daftari dogo. Aliyasoma akiwa peke yake na kucheka, lakini hakumcheka mtu usoni.

Wifi yake, yaani sekretari, aliitwa Mama Faili. Mwanamke huyo alikuwa hodari kweli. Ukimwomba barua ya miaka kumi iliyopita, alikuletea kabla hujamaliza sentensi. Kwa miaka miwili alikuwa akisoma masomo ya jioni ili apate stashahada. Sasa alikuwa amebakiza kitu kimoja tu, nacho ni andiko la kurasa sitini na mbili. Aliliandika ofisini saa ya chakula, maana nyumbani hakukuwa na kompyuta. Lilitakiwa kufika chuoni Jumatatu kabla ya saa sita mchana. Asingelifikisha, angerudia mwaka mzima.

Na andiko lenyewe liliitwaje? *Utunzaji Salama wa Nyaraka za Ofisi*. Likumbuke jina hilo, msomaji.

Ijumaa asubuhi Wifi alileta kompyuta mpya mezani kwa Mama Faili. Ile ya zamani ilikuwa imechoka. Ilikohoa ikiwashwa na kukohoa ikizimwa.

"Wifi, kazi zako umezitoa?" fundi aliuliza.

"Zote. Ziko kwenye flashi."

"Nipe hiyo flashi niifungue kwenye mashine yangu, tuhakikishe."

Mama Faili akamtazama. Unajua mambo ya mawifi. Neno dogo linaweza kuwa na mlima nyuma yake.

"Unanipima?" aliuliza. "Mimi, Mama Faili, nisijue kuhifadhi faili? Kila Ijumaa nahifadhi. Na asubuhi hii nimefungua flashi hapa hapa, andiko likafunguka."

"Sikupimi, wifi. Ni kawaida ya kazi."

"Basi kawaida hiyo wapelekee wengine."

Fundi alibeba kompyuta kuukuu, akaenda nayo.

Jumamosi asubuhi Mama Faili alikwenda dukani kuchapisha andiko na kulitia jalada. Alikuwa amevaa viatu vizuri, kama mtu anayekwenda kupokea zawadi. Mwenye duka akachomeka flashi, akabonyeza, akabonyeza tena.

"Mama, halifunguki. Inasema faili halionekani."

"Jaribu lingine."

"Nalo halifunguki. Yako kumi na manne, na kila moja lina mshale mdogo kwenye kona. Hakuna hata ukurasa mmoja humu."

Miezi minane ya kuandika, na sasa mishale! Mama Faili alitoka dukani bila kuaga, akaenda moja kwa moja kwenye karakana ya mumewe, fundi baiskeli.

"Mpigie dada," mumewe alisema, akifuta grisi mikononi.

"Nimpigie vipi? Jana nimemjibu vibaya. Atanicheka mpaka uzeeni."

"Kwa hiyo bora urudie mwaka mzima kuliko kuona aibu dakika moja?"

Mama Faili alikaa kwenye kigoda. Alilia kidogo, akapiga chafya kwa sababu ya vumbi la mpira, kisha akapiga simu.

"Wifi," alisema, "nimeharibu."

Alieleza yote. Alisubiri kicheko, lakini hakikuja.

"Tukutane ofisini," fundi alisema. "Mlinzi ana ufunguo."

Walifika karibu wakati mmoja. Fundi alifungua stoo. Kompyuta kuukuu ilikuwa juu ya rafu, imebandikwa karatasi yenye maandishi makubwa: USIFUTE KABLA YA WIKI MBILI.

Mama Faili alishika kifua. "Hujaifuta?"

"Wifi, wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Kompyuta ya zamani siifuti mpaka mpya imezoeleka."

Waliiwasha. Ikakohoa, ikazima. Waliiwasha tena, na safari hii haikukohoa hata kidogo. Mama Faili akaanza kuomba kwa sauti.

"Iliyochoka ni mashine," fundi alisema. "Diski, ambayo ndiyo inayotunza kazi, huenda ni nzima."

Alifungua skrubu nne, akatoa kitu chembamba, kidogo kuliko daftari. Akakiunganisha kwa waya kwenye kompyuta yake. Wakasubiri. Folda likatokea, na ndani yake mlikuwa na "Andiko Mwisho", "Andiko Mwisho Kabisa", na "Andiko Mwisho wa Mwisho Hakika".

Hapo ndipo Wifi alipocheka, na Mama Faili akacheka naye huku machozi yakimtoka. Kurasa zote sitini na mbili zilikuwepo.

"Lakini mimi nilifungua flashi na andiko likafunguka!" Mama Faili alisema.

"Uliifungua kwenye kompyuta ile ile. Hizi picha zenye mshale si faili. Ni njia ya mkato. Ni kama kibao cha barabarani kinachosema ofisi iko kule. Ukikisoma kibao ukiwa mtaa huu huu, utafika. Ukiking'oa ukaenda nacho mji mwingine, una kibao tu, ofisi umeiacha."

"Kwa hiyo kila Ijumaa nilikuwa nang'oa vibao?"

"Kwa bidii sana."

"Sasa nifanyeje?"

"Faili halisi liko ndani ya folda, halina mshale. Hilo ndilo unalonakili. Weka nakala tatu: moja kwenye kompyuta, moja kwenye flashi, na moja jitumie kwa barua pepe, ili nyumba ikiungua na flashi ikipotea, bado unayo. Halafu fungua kila nakala kwenye mashine nyingine. Nakala ambayo hujaifungua, usiihesabu."

Mama Faili aliitazama flashi yake. "Na jana ulitaka kuifungua kwenye mashine yako."

"Zamani nilimwamini mtunza stoo. Aliniambia amehifadhi kila kitu, nikafuta. Kazi yake ya miaka sita ikapotea. Tangu siku hiyo simwamini mtu, hata mama mzazi. Si dharau, wifi. Ni woga."

"Nisamehe," Mama Faili alisema.

"Yameisha. Chapisha kazi yako."

Andiko lilifika chuoni Jumatatu saa nne asubuhi. Lilikuwa na kurasa sitini na tatu. Ukurasa wa mwisho ulieleza habari za mishale kumi na minne bila kuficha lolote, na mwalimu aliandika chini yake kwa wino mwekundu: "Huu ndio ukurasa bora."

Tangu hapo, kila Ijumaa saa tisa, ofisi nzima hunakili kazi, kisha kila mtu hufungua flashi yake kwenye kompyuta ya jirani. Meneja alipatikana na mishale sita. Akiba haiozi, lakini lazima iwe akiba kweli.

Siku ya mahafali Mama Faili alivaa joho, akatembea kama malkia. Fundi alipiga picha tangu mwanzo hadi mwisho. Jioni, nyumbani kwake Mama Faili, alimkabidhi flashi.

"Wifi, picha zote zimo humu."

Mama Faili aliipokea kwa mikono miwili. Hakusema asante. Akiwa bado na joho lake, alikwenda moja kwa moja kwenye kompyuta ndogo aliyozawadiwa na mumewe, akachomeka flashi, akaanza kufungua picha moja baada ya nyingine.

"Unanipima?" Wifi aliuliza.

"Nakupima," alisema Mama Faili, na nyumba nzima ikaangua kicheko.