Chiriku na Neno la Pili

Foleni ya wagonjwa ilifika mlangoni siku fundi wa kompyuta alipoitwa masjala ya hospitali. Karani aliyemkuta, gauni la njano, kalamu nyweleni, aliitwa Chiriku kwa maswali yake yasiyokwisha. Fundi alitengeneza kompyuta, lakini hakuondoka. Alimwandikia programu ndogo ya mistari mitatu, akaiita salamu.

"Andika salamu, acha nafasi, halafu jina lako."

Kompyuta ikajibu: Hakupambazuki bila Chiriku.

"Makubwa! Imenijuaje?"

"Unachoandika baada ya jina la programu, inakipokea."

Tangu hapo simu kati yao hazikukatika.

"Umekula, mpenzi?"

"Nitakulaje nawe hujapiga?"

Mwezi wa pili, asubuhi moja, Chiriku akamkuta mfamasia wa kike ameinamia kompyuta ileile, anajichekea. Kwenye kioo: Hakupambazuki bila Mfamasia.

Moyo ukampasuka. Fundi akampigia simu mara saba, Chiriku hakupokea. Siku ya nne fundi akaja mwenyewe, shati limekunjamana.

"Mpenzi, nimekosa nini?"

"Kamuulize mfamasia wako. Si ndiye anayekupambazushia?"

Kusikia hivyo fundi akaelewa, akafungua faili ya programu. "Soma. Jina lake liko wapi?"

Halikuwepo. Mahali pa jina palikuwa na alama ya dola na moja.

"Hapo hukaa neno la kwanza linaloandikwa baada ya salamu. Alijiandika mwenyewe."

Chiriku akakodolea kioo macho. "Kwa hiyo hata mimi simo? Nilijisifu mwenyewe?"

"Jina lako humo halimo," fundi akasema taratibu. "Lakini hayo maneno mengine niliyaandika nikikutazama."

Chiriku akajizuia kutabasamu. Udadisi ukamzidi, akaandika salamu Chiriku Fundi. Ikajibu vilevile: Hakupambazuki bila Chiriku.

"Na wewe umeenda wapi?"

"Nimepokelewa, mimi ni wa pili. Ila humo ndani hakuna anayeniita."

"Wa pili anaitwa dola na mbili?"

"Ndiyo."

Chiriku akavuta kiti, akaongeza kwenye mstari "na," kisha dola na mbili. Akahifadhi, akaijaribu tena.

Hakupambazuki bila Chiriku na Fundi.

Fundi alisoma mara mbili. "Umeniweka."

"Nimekuweka. Lakini mjomba wangu hasomi kompyuta," Chiriku akasema, akimnyoosha kola. "Jumamosi uje na wazee wako, umwambie kwa mdomo."