Minyoo Haigusi Kizima

Kitu chenyewe kilianza kidogo tu: chambo hakikuguswa. Dada alitega chupa kwenye tangi la samaki la mdogo wake, kipande cha nyama ya samaki ndani, kama alivyoelekezwa na muuza samaki wa mapambo, anase minyoo iliyoingia humo. Minyoo aliiona kwa macho yake, mirefu kupita kidole, ubavuni imejaa miiba laini kama manyoya. Ikaipita ile chupa kama imeshiba.

Mdogo mtu alikuwa chumbani, wiki ya tatu kitandani, homa isiyo na kichwa wala miguu. Mtaani walimwita Profesa kwa ajili ya hilo tangi lake la maji ya chumvi. Dada alijiapiza: akiinuka, atalikuta vilevile.

Akarudi kwa yule muuza samaki.

"Usiishike kwa mkono, ile miiba inawasha moto," jamaa akamwambia. "Ila haina noma. Inakula vilivyokufa, kizima haikigusi. Ikikupanda wewe, ujue we marehemu, hujaambiwa tu!" Akacheka peke yake.

Saa sita mchana, jua la utosi, Dada akafika nyumbani. Kwenye tangi hamna mnyoo hata mmoja. Sakafuni kuna michirizi ya maji, inanuka chumvi na uozo, inakatiza sebule, inaingia chini ya mlango wa Profesa.

"Profesa?" akanong'ona.

"Nipo, dada. Mbona unanong'ona kama mwizi?"

Moyo ukamtulia. Sauti ilikuwa na nguvu, sauti ya kabla ya homa. Akaingia, akafunua shuka, na hapo ndipo akaiona minyoo yote, imejipanga kwenye nyayo za mdogo wake, inapanda magotini taratibu, miiba imezama kwenye ngozi, na yeye kalala tu anamtazama, hakunji mguu, hajikuni, kifua hakipandi wala hakishuki, na ule mguu alipoushika ulikuwa wa baridi kama sakafu.

"We nani?"

"Mdogo wako." Midomo haikucheza. "Mwenyewe kaondoka alfajiri. Nimekuta nyumba tupu, nikaingia. Ukiita watu, watanitoa, watamzika. Ukinyamaza, nitakuita dada kila siku."

Dada akakaa ukingoni mwa kitanda, akalia bila sauti. Kisha akaanza kuibandua ile minyoo kwa vidole vitupu, mmoja mmoja, mikono inawaka.

Mlango wa mbele ukalia. Mama karudi kutoka kazini.

"Mwanangu anaendeleaje?" akauliza toka sebuleni.

Dada akamfunika mdogo wake mpaka kifuani, akafuta macho.

"Afadhali, mama. Leo anaongea."