Mshono wa Dada

Jioni ile Chiriku alikuwa akiosha vyombo peke yake, akivigonganisha makusudi ili visikike hadi sebuleni. Nyumbani walimwita hivyo kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Zamani waliosha kwa zamu, yeye na dada yake mkubwa. Sasa dada kalazwa kwenye kochi kama yai, na mama anampozea supu!

"Na mimi je? Au mimi niliokotwa?" alinung'unika. Wivu ulikuwa umemkaba roho.

Miezi kadhaa nyuma dada alianguka ngazini akapoteza jino la mbele, na mfupa uliolishikilia ukalika. Tangu hapo hakuzungumza na mgeni bila kuziba mdomo kwa kiganja. Wiki ile daktari wa meno alimfanyia upasuaji. Alijaza pengo kwa chembechembe za mfupa uliosafishwa, akazifunika kwa utando mwembamba, kisha akashona ufizi juu yake. Mfupa wa dada mwenyewe ungekua humo taratibu, hadi uweze kushika jino la bandia.

"Mdomo wa juu usiinuliwe," daktari alionya. "Hata kuchungulia, marufuku."

Mama alipotoka kwenda dukani, Chiriku alimwendea dada yake.

"Hebu nione huo mfupa."

"Daktari kakataza, bwana. Niache."

"Ahaa! Hamna kitu humo. Unadeka tu, mtu mzima hovyo!"

Kabla dada hajajibu, Chiriku aliushika mdomo wake wa juu akauvuta. Uzi ukakatika. Damu ikachuruzika, na kwenye leso zikaonekana chembe nyeupe kama chumvi.

Mama aliporudi alishika kichwa. "Maskini mwanangu! Kumetokea nini?"

"Amekohoa," Chiriku akadakia.

Dada alimtazama, kisha akaitikia kwa kichwa.

Kliniki, daktari alimulika kinywani akakunja uso. "Mshono ukiachia kwa kikohozi tu, naogopa ndani kumeanza kuoza. Itabidi nifungue, nitoe mfupa wote, tuje tuanze upya baada ya miezi kadhaa."

Machozi yakamlenga dada, lakini hakumtaja mtu. Chiriku alikuwa akimchukia kwa kupendwa, kumbe muda wote dada anamkingia kifua yeye!

"Hakukohoa!" akalipuka. "Mimi ndiye niliyemvuta mdomo. Nilimwonea wivu. Usiutoe mfupa, daktari, tafadhali!"

Mama akamgeukia, macho yamemtoka pima. Daktari akachunguza tena, safari hii polepole, akashusha pumzi.

"Basi afadhali. Usaha sioni. Nitasafisha, niongeze chembe badala ya zilizomwagika, nishone. Lakini sikiliza, binti. Chembe hizi ni kiunzi tu, anayejenga ni mwili wa dada yako, nao unataka utulivu. Na daktari akidanganywa, hutibu ugonjwa usiokuwapo."

Dada alipokuwa akishonwa, mama na Chiriku walingoja kwenye benchi la nje. Chiriku alilia hadi kwikwi, akingoja kugombezwa. Mama hakumgombeza.

"Mwanangu, ile supu ulidhani nimempa fungu lako?"

Chiriku akainamisha kichwa.

"Nilimpa fungu la mgonjwa. Fungu lako hajaligusa mtu. Siku nyingine wivu ukikuuma, njoo unililie mimi. Usiende kumuumiza mwenzako, kwa sababu leo umeona: yule uliyemwonea wivu ndiye aliyekuwa tayari kukosa jino kwa ajili yako."