Aliye Sikioni mwa Hemed

Hemed alisema nyonga inamuuma, na Khamisa, mkewe, akaangusha beseni la maji.

Tangu alipoanguka ngazini akishusha mikebe ya rangi katika duka la vyuma huko River Road alikokuwa karani, Hemed hakuwa na habari na kitu chochote chini ya shingo, wala hakuweza kusogeza hata kidole. Ungemchoma sindano mguuni, yeye angeendelea kukuhadithia mambo ya mpira. Hospitali walimlaza miezi mingi, kichwa kikivutwa kwa vyuma na vizito, kisha mwaka ule wa sitini na nane wakamrudisha nyumbani kwake Ngara na kumfundisha Khamisa kazi: kumgeuzageuza kutwa kucha, kichwa na mwili vikienda pamoja, shuka lisiwe na mikunjo, na palipopata wekundu asipalalie tena. Kidonda cha kulala kikichimba, huua.

"Nyonga gani, bwana?"

"Ya kushoto. Nigeuzeni."

Mwanasha, mamake Hemed, akashika kichwa. Khamisa akavuta shuka. Kweli, nyonga ya kushoto ilikuwa nyekundu. Sista Nyakio, muuguzi aliyepita kumwangalia kila alasiri kabla ya kurudi kwake Kangemi, alipabonyeza kwa kidole akashangaa.

"Mama, huyu hawezi sikia hapa. Nani amemwambia?"

Hemed akacheka. "Huyu aliye sikioni."

Wakadhani ni utani, maana Hemed alikuwa mtu wa masihara tangu zamani. Na kusema kweli, Khamisa alishukuru. Sikio likisema kisigino, kisigino kilikuwa chekundu. Likisema bega, ni bega. Nani angegombana na msaidizi asiyekula wala kulala? Mwanamke alikuwa amechoka hata anasinzia akiwa amesimama, na mimi simlaumu.

Kisha siku moja Mwanasha alikuwa jikoni anakuna nazi, akasikia wanaume wawili wakizungumza chumbani. Alipoingia alimkuta Hemed peke yake, na chumba kinanuka jivu lililomwagiwa maji.

"Mwanangu, ulikuwa na nani?"

"Nyamaza, Mama, atakusikia," Hemed alinong'ona. Alikuwa akilia, na tangu aanguke hawakuwa wamemwona akilia. "Ataka ujira wake. Asema kichwa hiki chatutosha sote wawili, lakini pumzi haitutoshi."

Tokea hapo pumzi zake, ambazo zilikuwa haba hata kabla ya mambo haya, zikaanza kukatika katikati ya neno, mchana kweupe, jua limejaa dirishani na wauza mboga wakiitana barabarani, akawa anatumbua macho na midomo inageuka rangi huku kitu kikicheka kinywani mwake bila kuvuta hewa, naye Khamisa akimpigapiga mashavu na kumwita kwa jina lake na la babake, mpaka pumzi irudi, nayo ikirudi inanuka jivu.

Wakamwita Maalim Mohdhar, aliyesomesha watoto Kurani mtaani. Akaja baada ya sala ya adhuhuri, akasoma, akapulizia maji, akaweka kiganja utosini pa mgonjwa. Namna yake ya kutoa jini ilikuwa ile aliyorithi kwao pwani: jini husukumwa polepole kutoka kichwani, akashuka mwilini mpaka atokee kidole gumba cha mguu, na mgonjwa ndiye anayesema amefika wapi.

"Yuko wapi?"

"Sikioni."

Akasoma. "Sasa?"

"Kooni, Maalim. Achoma!"

Akasoma kwa nguvu zaidi, jasho likimtiririka ndevuni. "Sasa je?"

"Shingoni... ashuka..." Hemed akafumba macho, uso wote ukalegea. "Simsikii tena. Maalim, ametoka! Simsikii popote!"

Mwanasha akapiga kigelegele. Maalim akafunga msahafu wake, akanywa kahawa, akaenda zake. Harufu ya jivu ilikuwa imekwisha.

Alasiri Sista Nyakio alikuta kifua kinapanda na kushuka kwa nguvu ambayo hakuwahi kuiona kwa mgonjwa wa shingo.

"Ai, mama, hii kifua ni kama si yake!" alisema kwa furaha.

Kesho yake asubuhi Khamisa alimwosha. Hemed alikuwa anasimulia na kucheka, maneno yake ni yake mwenyewe, na Khamisa alifurahi hata machozi yakamlenga: amerudishiwa mumewe. Akauchukua mkono, akapangusa vidole kimoja kimoja, navyo vikavifumbata vyake. Sista alikwisha kumweleza kwamba viungo vya wagonjwa hawa huweza kujikunja vyenyewe, basi akangoja vilegee. Havikulegea. Kidole gumba kikatambaa mpaka kwenye bangili zake, kikaanza kuzizungusha, taratibu, kwa raha ya mtu aliyekwisha kufika kwake, na ndipo Khamisa alipotambua kwamba Maalim alikuwa amemwuliza swali mtu asiyesikia kitu chini ya shingo, na kwamba yule jini angeweza kukaa humo miaka na mwenye mwili asijue.

"Mbona bangili zako zalia hivyo?" Hemed aliuliza huku akitazama dari.

"Nakuosha mkono, bwana."

"Upi?" akauliza mumewe.